Mama Mkwe Hapigiwi Honi

Ainebyona alikuwa amechoka kujieleza. Kila aliyekutana naye Bugene, dukani au kanisani, alimuuliza swali lile lile, kwa nini hukupiga honi, tena kwa sauti ya mtu anayedhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria. Akijibu, wanatikisa vichwa. Asipojibu, wanatikisa vichwa vilevile. Ikafika mahali akawa anapita njia za nyuma, katikati ya migomba ya watu, akiisukuma pikipiki yake kwa mikono, mradi tu asiulizwe.

Na hiyo pikipiki ndiyo chanzo cha yote. Ya umeme. Kijana wa watu aliuza kahawa ya misimu miwili, akaachana na ile kuukuu ya petroli iliyokuwa ikikohoa kila mlima wa kuelekea Kayanga, akanunua hii ambayo usiku unaichomeka ukutani kama simu na asubuhi inapanda mlima bila kulalamika. Kwa mfuko wake ilikuwa nafuu kubwa. Tatizo lake ni moja, haina sauti. Na watu wa huku wamezoea kuisikia bodaboda kabla ya kuiona. Mtu anatembea barabarani na mkungu wa ndizi kichwani, hageuki, ageuke kwa shingo ipi, anategemea masikio tu. Akisikia mngurumo ng'ambo ya kilima, anajua bado ana muda wa kumalizia salamu zake na kusogea pembeni. Sasa hii haimpi mtu taarifa. Unashtukia iko ubavuni mwako na kanga inapepea.

Pale kijiweni wanakosubiri abiria, rafiki yake Mucyo, kijana mwenye maneno mengi ambaye wazazi wake walitokea Rwanda, aliibatiza pikipiki hiyo Jini. Kila Ainebyona alipofika, Mucyo aliinama kutazama magurudumu kama kweli yanagusa chini, na kijiwe kizima kikacheka. Mucyo mwenyewe alisema hawezi kupanda chombo kisichonguruma, labda afe kwanza. Kumbuka maneno hayo.

Msidhani Ainebyona alikuwa mzembe. Wiki za mwanzo alipiga honi mpaka kidole kikamuuma, na wakamchukia kwa hilo. Bibi mmoja alimfuata hadi kijiweni kumuuliza kama anamwona yeye ni mbuzi wa kuswagwa barabarani. Siku nyingine alipiga honi nyuma ya watu waliotoka mazikoni, mwenyekiti wa kijiji akamwita na kumsema mpaka chai ikapoa. Askari wa barabarani naye alimsimamisha, akaizunguka pikipiki akitafuta bomba la moshi, na alipolikosa akanuna kana kwamba Ainebyona amelificha. Mwisho akamwambia aendeshe vizuri, akaenda zake. Aendeshe vizuri vipi, hakusema.

Basi akabuni njia yake. Badala ya honi, akatumia salamu. Akimwona mtu mbele, anapunguza mwendo na kuanza tangu mbali, shikamoo mzee, napita kulia kwako. Shikamoo mama, niko nyuma yako na nimebeba abiria. Watu wakaipenda. Mtu anageuka, anaitikia marahaba, anasogea, na heshima yake iko palepale. Miezi ilipita hivyo bila kumgusa hata kuku. Akaanza kuamini kwamba tatizo limekwisha.

Lakini kuna mtu mmoja duniani ambaye huwezi kumpigia honi wala kumpigia kelele za salamu mgongoni, naye ni mama mzazi wa msichana unayetaka kumwoa.

Msichana huyo ni Jenifa, fundi cherehani mwenye kibanda chake Kayanga, ambaye Ainebyona alianza kwa kumbeba asubuhi na jioni na akaishia kumchumbia. Mama yake anaitwa Kokwijuka, mjane, mwenye kibanja cha ndizi na kahawa upande wa pili wa kilima. Mashauri yote ya ukoo alikuwa nayo shemeji yake, Gaudiosus, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa mila kweli kweli. Vijana wa mjini siku hizi wanapeana mikono na mama wakwe zao na hata kupiga nao picha. Si kwa Gaudiosus. Kwa hiyo mshenga wa Ainebyona, mzee Placidius, ambaye ni baba yake mdogo, alimfundisha kijana kama anayemfundisha katekisimu.

"Ukimwona mama mkwe njiani, iache njia," alimwambia. "Usimtazame usoni. Usimwite. Usimfuate nyuma ukawa unautazama mgongo wake. Na mkono wako usimguse kabisa, hata kwa bahati mbaya. Ukimgusa, Gaudiosus atakufukuza, na mimi nitamuunga mkono."

Ainebyona aliyashika yote. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa, mkaja wa mama ulikuwa umepelekwa, rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa imenywewa, na kilichobaki ni kupanga siku ya harusi.

Ndipo alasiri moja, akirudi kutoka Kayanga bila abiria, akakata kona karibu na mikaratusi na kumwona Kokwijuka mbele yake. Alikuwa anatembea upande wa kulia wa barabara, beseni la maharage kichwani, taratibu, peke yake. Njia ya kuchepuka haikuwepo. Kushoto mtaro, kulia ukingo mrefu wa udongo. Honi hapana. Salamu hapana. Kumfuata nyuma polepole, huku macho yako wapi? Mgongoni kwake. Hapana. Kusimama na kusubiri apotee ndiyo ingekuwa akili, na tangu siku ile amejiambia hivyo mara nyingi kuliko anavyosali. Lakini aliwaza kwamba mama akigeuka na kumkuta kijana amesimama katikati ya barabara anamtazama, itakuwa mbaya zaidi. Akaona bora apite upesi, kushoto kabisa, uso ameugeuzia mtaroni, yaishe.

Mbele likatokea lori la ndizi, linateremka kwa kasi, limeubana upande aliokuwa anatembea mama. Kokwijuka alilisikia. Nani asingelisikia. Akafanya alichofanya maisha yake yote, akavuka upesi kwenda upande wa pili bila kutazama nyuma, kwa sababu nyuma masikio yake hayakumwambia kitu. Ainebyona alikuwa anatazama mtaro. Usukani ukamnasa mama kiunoni, beseni likaruka, na wote wawili wakaenda chini. Lori likapita na vumbi lake, dereva hata hakujua.

Ainebyona aliinuka akiwa na michubuko tu. Kokwijuka alikuwa amelala kwa ubavu katikati ya barabara, mguu mmoja umekaa vibaya, maharage yametapakaa kila mahali. Kijana akapiga hatua mbili kumwendea, mikono ameinyoosha, na wakati huohuo mama akavuta kanga yake na kujifunika uso wote.

Akasimama. Hata mwenyewe anajifunika, aliwaza. Hata hapa, na mguu umevunjika, anaishika mila. Na mimi nimshike kiunoni nimbebe? Akarudisha mikono. Akageuka, akaruka mtaro, akakimbia kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye nyumba zilizokuwa ndani ya migomba, atafute mwanamke wa kumwinua.

Nyumba ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili alimkuta mzee kiziwi aliyemkaribisha kiti. Ya tatu alimkuta mama mmoja anamenya ndizi, akaanza kumweleza huku anatweta, na yule mama akamwomba aeleze tena, halafu akaanza kumtafuta mtu wa kumwachia mtoto. Waliporudi barabarani, Kokwijuka hayupo. Watu wa Nyakakika waliokuwa wanapita na gari la mnadani walikuwa wamemchukua kumpeleka hospitalini. Kulikuwa na kundi la watu limeizunguka pikipiki. Waliokuwa wanachuma kahawa upande wa juu walikuwa wamemwona akikimbia, na hiyo ndiyo habari iliyoshuka hadi Bugene kabla ya jua kuzama. Amemgonga mama mkwe wake, akamkimbia.

Umewahi kusingiziwa kitu ambacho nusu yake ni kweli? Hapo ndipo hasira zinapokaa. Kumgonga alimgonga. Kukimbia alikimbia. Ukianza kueleza kwamba ulikimbia kwa heshima, watu wanacheka. Hata yule mama wa nyumba ya tatu, alipoulizwa, alisema kijana alifika kwake anahema na hakuelewa alichokuwa anasema. Shahidi wa namna hiyo afadhali usiwe naye.

Mguu ulifungwa plasta ngumu. Placidius akachukua mbuzi na Ainebyona, wakaenda kuomba radhi kwa Gaudiosus. Mlango wa chumba alimolala Kokwijuka ulikuwa wazi kidogo, umewekwa pazia. Halikutoka neno humo.

"Kwa nini hukupiga honi?" aliuliza Gaudiosus.

"Nilimheshimu, Ta," alijibu Ainebyona, kwa neno ambalo huku tunawaita wazee kwa heshima.

"Ukamgonga kwa heshima."

"Ta, yeye alivuka..."

"Na ukakimbia kwa heshima."

"Nilikwenda kutafuta mwanamke wa kumwinua. Mimi nisingeweza kumshika."

Gaudiosus akamtazama Placidius. "Haya ndiyo uliyomfundisha?"

Placidius, mzee wa watu, alijitahidi. "Tuseme angempigia honi, ungesema nini?"

"Ningesema hana adabu. Ningemrudishia mkaja wake siku ileile."

"Na angemwinua kwa mikono yake?"

"Ningemrudishia kabla ya jioni."

"Sasa angefanya nini?"

"Angenunua pikipiki inayolia," alisema Gaudiosus. "Kama watu wengine."

Akasema posa imekwisha. Akasema Placidius asikanyage tena pale nyumbani kwa habari ya Jenifa, na mbuzi wao warudi naye. Wakarudi naye. Mbuzi mwenyewe aligoma kutembea, Ainebyona akambeba mabegani njia nzima, na Placidius alimsema njia nzima.

"Ungembeba tu yule mama," alisema Placidius. "Mtu kavunjika mguu. Nani angekulaumu?"

"Wewe, Ta. Ulisema utamuunga mkono Gaudiosus."

"Yalikuwa maneno tu."

Ainebyona alitamani kumtupa mbuzi mtaroni. Kila mtu sasa alikuwa na lile jibu jepesi, na siku ile yalipotakiwa majibu, walikuwa wamejaa makatazo tu.

Jenifa alimpigia simu mara chache, kwa kujificha. Alisema anamwamini. Alisema pia kwamba kumwamini yeye peke yake hakusaidii, kwa sababu baba mdogo ameshaanza kutaja kijana mwingine, mtoto wa mfanyabiashara wa Murongo. Ainebyona akamuuliza mama anasemaje.

"Hasemi," alijibu Jenifa. "Ukitajwa anageukia ukutani."

Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Gaudiosus. Mtu pekee aliyekuwepo barabarani, aliyejua kwamba hakukimbilia kujiokoa, alikuwa amenyamaza. Alimwonea hasira. Alijua ni dhambi kumwonea hasira mama uliyemvunja mguu, na akamwonea hivyohivyo.

Huku nyuma, dunia haikumsubiri. Petroli ilipanda tena, na pikipiki za umeme zikaanza kuonekana moja moja, halafu kila kijiwe kikawa na zake. Kuku wakagongwa. Mwalimu mmoja akaangushwa na baiskeli yake. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, watu wakagombana kama wazifunge njuga au wazikataze kabisa, mvua ikanyesha, wakatawanyika. Na aliyetajwa kama mfano katika kila hotuba alikuwa Ainebyona.

Siku ya kukata plasta ilipokaribia, Jenifa akapiga simu. Safari hii hakunong'ona.

"Mama anakwenda hospitalini kesho asubuhi. Amesema uje umchukue."

"Mimi?"

"Wewe, na pikipiki hiyohiyo. Baba mdogo amekataa. Mama amesema mguu ni wake."

Placidius alipoelezwa akashika kichwa. Akasema asiende, maana kumpakia mama mkwe mgongoni mbele ya watu wote wa Bugene ni kujimaliza. Kisha akasema asipokwenda amemkataa mama, na hilo nalo ni kujimaliza. Ainebyona akamwacha anaendelea, akaenda kuchaji betri.

Asubuhi alimkuta Kokwijuka amesimama uani na magongo yake mawili, amevaa kitenge cha kanisani. Gaudiosus alikuwa kibarazani, amewapa mgongo. Jenifa akampandisha mama yake, akamkabidhi magongo ayapakate. Ainebyona alitazama mbele, hakujua aweke macho wapi. Mama alishika chuma cha nyuma ya kiti badala ya kumshika yeye.

"Mwambie apige honi," Kokwijuka alimwambia Jenifa.

"Mama anasema upige honi," alisema Jenifa, kana kwamba Ainebyona yuko Bukoba.

Akapiga. Akapita Bugene yote anapiga, na watu wakatoka madukani kumtazama, mgonga mkwe na mkwe wake. Mwanamume mmoja mwenye toroli akamfokea, akisema watu wazima hawapigiwi honi namna hiyo. Ainebyona akaondoa kidole. Gongo likamgusa bega kwa nyuma. Akarudisha kidole.

Walipofika kwenye kona ya mikaratusi, gongo likamgusa tena, mara mbili.

"Simama," alisema Kokwijuka.

Hapakuwa na Jenifa wala Placidius wa kupokea neno hilo na kulipeleka. Lilikuja moja kwa moja. Akasimama pembeni, akamsaidia kushuka kwa kuishika pikipiki tu isiyumbe. Mama akajikongoja hadi ukingoni, akaelekeza gongo katikati ya barabara.

"Nililala hapo."

Ainebyona aliinamisha uso.

"Kachuchumae uone nilichokuwa naona."

Akaenda, akachuchumaa palepale. Upande mmoja ilikuwa kona, na kutoka chini namna ile kona ilikuwa karibu mno, huoni kinachokuja mpaka kimekufikia. Upande wa pili, ng'ambo ya mtaro, ilikuwa njia ya miguu inayopanda kwenye migomba, aliyoikimbilia yeye.

"Niliona soli za viatu vyako zikienda," alisema Kokwijuka. "Nikawa nasikiliza hiyo kona. Nikasema, likija lori jingine, nimekwisha. Na kama ni chombo kama chako, hata kusikia sitasikia."

Hapo yote aliyoyameza yakamtoka. "Ulijifunika uso, mama. Nilikuja kukuinua ukajifunika. Nikajua hutaki nikuguse."

"Nilikuwa nalia. Nilijifunika kwa sababu nalia."

"Ningekushika, wangesema nini?"

"Wangesema. Hata sasa hivi si wanasema?"

Ainebyona alikuwa bado amechuchumaa, na hakusikia kitu. Hewa tu ndiyo iliyomgonga. Kitu kikapita kikakwaruza mkono wa koti lake, akaanguka kifudifudi kwenye changarawe. Alipoinua kichwa, aliona pikipiki imesimama kwa kuserereka mbele yake, nyeupe, mpya kabisa, haina bomba la moshi. Juu yake alikuwa Mucyo, uso umempauka.

"Nusura nikuue," alisema Mucyo. "Unafanya nini katikati ya barabara?"

Ainebyona aliinuka, viganja vinavuja damu. "Kwa nini hukupiga honi?" alipiga kelele, na akalisikia swali hilo likitoka mdomoni mwake mwenyewe.

"Nilimwona mama amesimama na magongo," alisema Mucyo. "Nikaona nikipiga nitamshtua. Mama mtu mzima, nitampigiaje honi?"

Mucyo akaomba radhi, akaondoka polepole, na walipomtazama akikata kona hawakumsikia akienda.

Kokwijuka alilifungua pindo la kitenge chake, akatoa leso, akamnyooshea. Ainebyona akaipokea, na vidole vyao vikagusana. Akajifuta damu.

"Hukumsikia," alisema mama.

"Sikumsikia, mama."

"Mimi pia sikukusikia. Ile nilikusamehe kabla sijafika hospitalini. Ya kuniacha barabarani ndiyo nimekuwa nayo ukutani siku zote hizi."

"Nisamehe na hiyo."

Hakusema amemsamehe. Alimpa magongo yote mawili ayashike, akabaki amesimama kwa mguu mmoja, hana anachoegemea, anayumba, akamsubiri. Ainebyona aliitazama kona. Akaitazama njia ya migomba. Kisha akayafunga magongo kwenye pikipiki, akamshika mama mkwe wake kiunoni kwa mikono miwili, akamwinua, akamketisha kwenye kiti. Watu wawili waliokuwa wanashuka na mizigo ya majani ya ng'ombe walisimama kushangaa.

Safari hii mama alimshika mabegani.

"Twende, foleni itakuwa ndefu," alisema. "Na honi upige, wakasirike wanavyotaka. Halafu mwambie Placidius aje nyumbani Jumapili, nitampokea mimi mwenyewe."